Kutoka Pangani hadi Lugalo: Safari ya Ramani Katika Nyanda za Juu Kusini

Msomaji mpenzi, wahenga walinena kuwa mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Katika makala haya tunakualika safari isiyo na nauli wala mizigo. Chombo chetu ni ramani, nahodha wetu ni tarikh, na njia yetu ni barabara kuu itokayo Dar es Salaam kuelekea mpaka wa Zambia. Tutatua Iringa, kiasi cha kilomita 500 kutoka pwani, kisha Mbeya, zaidi ya kilomita 800. Sisi watu wa mwambao na visiwani tumezoea kuiita nchi hiyo ya baridi "bara", neno ambalo vinywani mwetu aghalabu hubeba maana ya mbali na ya watu wengine. Hoja yetu ni kuwa tarikh ya huko ni sehemu ya tarikh yetu, na kwamba kisa kimoja kikubwa cha pwani hakiwezi kusimuliwa hadi mwisho ila kwa kupanda milima hiyo.

Tuanze basi na kisa chenyewe, kabla ya kuondoka pwani. Mwezi Agosti 1888, kwa mapatano yaliyotiwa saini na Sayyid Khalifa bin Said wa Zanzibar, Kampuni ya Kijerumani ilianza kutawala miji ya Mrima. Pangani aliletwa wakala aitwaye Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimpa jina la Nyundo. Alimdharau liwali wa Sultani, akazusha ugomvi wa bendera, na wanajeshi wa Kijerumani walioletwa kumsaidia waliingia msikitini wakimtafuta liwali huyo. Habari ya mbwa aliyeingia pamoja nao ilienea Mrima nzima. Watu wa Pangani walimzingira Nyundo nyumbani mwake mpaka Jenerali Lloyd Mathews alipokuja na askari wa Sultani kumtoa. Vita vya Abushiri bin Salim vikawaka. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na vita hivyo vikaacha utenzi mashuhuri wa Hemedi bin Abdallah el Buhriy. Wapenzi wa ushairi wanaufahamu vyema. Lakini Nyundo alikwenda wapi?

Tufuate barabara. Baada ya Morogoro tunaikata mbuga ya Mikumi, tunateremkia bonde la joto la Ruaha Mbuyuni, penye mibuyu isiyohesabika, kisha tunaikabili Kitonga. Hapo njia hupanda kwa kona juu ya kona, korongo upande mmoja na jabali upande wa pili, na malori hujikongoja kama mzee apandaye ngazi. Juu ya Kitonga hewa hubadilika. Tunapita Ilula, na kabla ya kufika mjini Iringa tunafika mahali paitwapo Lugalo, ambapo kando ya barabara umesimama mnara wa kumbukumbu.

Mnara huo ni wa Zelewski na watu wake. Mwaka 1891 alikuwa ndiye kamanda wa jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki, akaongoza msafara wa kwenda kuwatiisha Wahehe. Asubuhi ya tarehe 17 Agosti 1891, majeshi ya Mtwa Mkwawa, yaliyojificha katika majani na mawe, yaliuvamia msafara huo ukiwa njiani. Kwa muda mfupi mno Nyundo aliuawa, pamoja na Wazungu wengine na askari zaidi ya 200. Miaka mitatu kamili ilikuwa imepita tangu alipoufanyia uadui mji wa Pangani. Wahehe walipigania nchi yao wenyewe, wala hawakuwa wakilipa kisasi cha Pangani. Hata hivyo, yule aliyewasha moto wa Mrima alikuja kuzimikia kwenye nyasi za Uhehe.

Kutoka hapo tunaingia Iringa, mji uliojengwa juu ya kilima kuutazama Mto Ruaha Mdogo. Jina lake latokana na neno la Kihehe "lilinga", yaani ngome. Ngome iliyokusudiwa ilikuwa Kalenga, kiasi cha kilomita 15 kutoka mji wa leo, ambako Mkwawa alijenga ukuta mrefu wa mawe kuyazunguka makao yake. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani waliibomoa kwa mizinga na kuiteka. Miongoni mwa maofisa wao alikuwamo Tom Prince, aliyejulikana kwa lakabu ya Bwana Sakarani. Mkwawa hakukamatwa. Kwa miaka minne aliishi msituni na mapangoni akiwahangaisha adui, hata alipozingirwa Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898 akajiua kwa risasi kuliko kutiwa pingu. Kichwa chake kilikatwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani.

Hapa tarikh inaleta jambo la ajabu. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliovimaliza Vita Vikuu vya Kwanza, una kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani irudishe vitu viwili. Cha kwanza ni Msahafu wa Khalifa Othman, ambao ilisemwa kuwa Waturuki waliutoa Madina wakamzawadia Kaizari Wilhelm. Cha pili ni fuvu la "Sultani Mkwawa". Msahafu na fuvu, Madina na Kalenga, vimewekwa katika kifungu kimoja! Hata hivyo miaka 35 ilipita. Gavana Edward Twining alikwenda katika makumbusho ya Bremen mwaka 1953 akachagua fuvu kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa, na tarehe 19 Juni 1954 akalikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu. Wataalamu wameendelea kubishana kama kweli ndilo lenyewe. Limehifadhiwa katika makumbusho madogo ya Kalenga. Adam Sapi naye alikuja kuwa Spika wa Bunge la Tanganyika mwaka 1962.

Tuendelee kusini-magharibi. Kilomita chache nje ya mji tunapita Isimila, korongo lenye nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mvua, ambako mwaka 1951 ziligunduliwa zana za mawe za watu wa kale mno. Kisha Mafinga na misitu yake ya misindano, kisha Makambako, ambapo barabara inakutana na reli ya TAZARA. Reli hiyo ya kilomita 1,860 ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China. Sababu yake ilikuwa siasa: walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru mwaka 1965, na Zambia ikahitaji njia ya baharini isiyopita mikononi mwao. Barabara tunayoifuata ilitiwa lami kwa sababu hiyohiyo. Shaba ya Zambia ikageuka kuutazama Mwambao wetu.

Baada ya Makambako nchi inateremka hadi bonde la Usangu, na hapo msafiri muungwana hana budi kunyamaza asikilize. Kwani Wasangu wanaikumbuka tarikh hiyohiyo kwa upande wa pili. Wahehe waliwapiga na kuwafukuza katika nchi yao, na mtawala wao Merere akakimbilia Usafwa, karibu na Mbeya ya leo, akajenga boma Utengule. Wajerumani walipokuja kumpiga Mkwawa, Merere alishirikiana nao, na kwa njia hiyo watu wake wakarejea Usangu. Shujaa wa Lugalo alikuwa dhalimu kwa jirani yake. Mshairi atakayethubutu kuutunga utenzi wa Nyanda za Juu itambidi azibebe kauli zote mbili, kama vile Mrima nako walivyokuwako waliopigana na waliopatana.

Usangu pia kuna kitu ambacho jiko la pwani lakijua bila ya kujua lilikotoka. Katika karne ya 20 Wabulushi waliohamia huko walianzisha kilimo cha mpunga wa umwagiliaji, na wenyeji wakakishika. Hao ni jamaa wa Wabulushi ambao mababu zao waliletwa na masultani kuwa wanajeshi wa Zanzibar. Basi mchele wa Mbeya unaopikiwa pilau katika harusi zetu una nasaba inayorudi baharini.

Sasa Mbeya yenyewe. Ukiulinganisha na Kalenga ni mji mchanga: ulianzishwa mwaka 1927, dhahabu ya Lupa upande wa Chunya ilipokuwa ikiwavuta wachimbaji. Mlima Loleza umeuinamia, na upande wa kusini-mashariki wasimama Rungwe, karibu mita 2,960, katika nchi ya Wanyakyusa yenye migomba na chai. Kiswahili cha sokoni hapo kina lafudhi ya Wasafwa, Wanyakyusa, Wakinga na Wabena, nacho ni Kiswahili hai, kilichopanda kwa misafara na kuteremka kwa treni.

Turudi pwani kwa njia ya maji. Mito ya Usangu hukusanyika katika kinamasi cha Ihefu, kisha ikatoka kuwa Ruaha Mkuu, ikipita katika Hifadhi ya Ruaha hadi Mtera na Kidatu. Kituo cha umeme cha Kidatu kilianza kazi mwaka 1975, na mwaka 1980 waya ulipitishwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Unguja. Kwa miaka mingi taa za visiwani zimetegemea kwa sehemu kubwa maji hayo. Lakini tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi. Wengine wamelaumu mashamba ya mpunga, wengine mifugo. Mwaka 2006 wafugaji wengi waliondolewa Ihefu pamoja na ng'ombe wao. Mpunga tuulao na umeme tuwashao vinagombania maji ya mto mmoja, na mzigo wa ugomvi huo umewaangukia watu ambao hatujapata kuwaamkia.

Maji yanayosalia huungana na Rufiji na kumwagika baharini mkabala wa Mafia, katika mikoko iliyotoa boriti za dari za Mji Mkongwe. Urefu wa boriti hizo ndio uliopima upana wa vyumba vyetu. Basi mpenzi wa ushairi akiinua macho usiku kuitazama taa iliyoning'inia kwenye boriti, anazitazama ncha mbili za safari hii kwa pamoja. Kilichobaki ni beti za katikati, na hizo zangoja mtungaji.