Magurudumu makubwa kwenye magari ya porini: Kwa nini inchi mbili hubadilisha gari zima katika milima ya Kigali

Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali, kwa mara ya kwanza barani Afrika, wanaume waliowania taji kuu walikutana na kipande kifupi cha barabara ya mawe kinachoelekea Nyamirambo. Wenyeji na wapenzi wa mchezo huo wanakifahamu kwa jina la Ukuta wa Kigali. Hakuna mwendeshaji anayekwea mwinuko wa namna hiyo kwa gia nzito. Huhamisha mnyororo kwenye gia nyepesi, akakubali kwenda polepole ili miguu isimwishie njiani.

Mwenye gari anayeng'oa magurudumu yaliyotoka kiwandani na kufunga makubwa zaidi hufanya kinyume chake, mara nyingi bila kujua. Gari lake hunyanyuka kutoka ardhini na kupendeza machoni, lakini kila gia iliyomo ndani yake huwa nzito kuliko ilivyokusudiwa. Katika mji uliojengwa juu ya vilima, wenye mwinuko wa takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mabadiliko hayo huonekana mapema. Nayo huonekana zaidi wakati wa kushuka kuliko wakati wa kupanda.

Magari yanayozungumziwa

Magari yanayobadilishwa magurudumu kwa ajili ya njia mbaya ni ya aina mbili kuu. Kuna magari ya kawaida yenye uwezo wa kuendeshwa kwa magurudumu yote manne, kama Toyota Land Cruiser na magari ya pikapu. Kuna pia magari madogo ya porini ambayo watengenezaji huyaita kwa kifupi SSV au UTV. Haya huwa na viti viwili au zaidi vilivyopangwa sambamba, usukani wa mviringo, fremu ya mabomba ya chuma inayomkinga aliyemo gari linapopinduka, na kwa kawaida hayana milango kamili wala vioo vya pembeni kama gari la mjini.

Magari hayo ya viti sambamba yalianza kama vyombo vya kazi za shambani, kisha yakaingia katika michezo. Mbio za Dakar ziliyapa kundi lake mwaka 2017. Historia yake ni pia historia ya magurudumu kukua. Yamaha Rhino, iliyotoka mwaka 2004, ilikuwa na matairi ya inchi 25. Polaris RZR XP 1000, iliyotoka takriban miaka kumi baadaye, ilikuja na matairi ya inchi 29.

Ukuaji huo haukuwa wa matairi peke yake. Injini, breki, mikono inayoshika magurudumu na upana wa gari vilibuniwa upya kwa pamoja. Anayebadilisha matairi tu huchukua sehemu moja ya kazi hiyo na kuziacha nyingine zote.

Namba za ubavuni zinasema nini?

Ubavu wa tairi hubeba habari zote muhimu. Kwenye gari la viti sambamba, namba 30x10-14 ina maana kwamba tairi lina kimo cha inchi 30, upana wa inchi 10, na hukaa kwenye rimu ya inchi 14.

Matairi ya magari ya kawaida huandikwa kwa mtindo mwingine. Mfano ni 265/65R17, saizi inayopatikana kwenye matoleo mengi ya Land Cruiser Prado. Namba 265 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukipiga hesabu, tairi hilo lina kipenyo cha milimita 776 hivi. Likibadilishwa kwa 285/70R17, kipenyo hufikia takriban milimita 831, yaani ongezeko la asilimia 7.

Ongezeko kama hilo hutokea pia gari la viti sambamba linapotoka kwenye inchi 28 kwenda inchi 30. Asilimia hiyo 7 ndiyo ya kukumbukwa, kwa sababu itajitokeza tena kwenye injini, kwenye breki na kwenye kipima mwendo.

Faida zake ni za kweli

Sababu za kutaka tairi kubwa zina msingi. Nchini Rwanda mvua ndefu hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli huanza Septemba hadi Desemba. Katika miezi hiyo njia za udongo nje ya lami huwa utelezi, na makorongo huchimbika katikati yake. Tairi lenye kipenyo kikubwa hulivuka jiwe au shimo kwa urahisi zaidi kwa sababu hukutana nalo kwa pembe iliyolala. Pia hugusa ardhi kwa eneo refu zaidi.

Hata hivyo, kimo kinachopatikana chini ya gari ni nusu tu ya kile kilichonunuliwa. Ekseli hukaa katikati ya gurudumu, hivyo tairi lililoongezeka inchi 2 huinua tumbo la gari kwa inchi 1, sawa na sentimita 2.5.

Kabla ya kutumia fedha nyingi, mwenye gari anaweza kujiuliza kama tatizo lake ni kimo kweli. Mara nyingi linalomkwamisha kwenye matope ni tairi lililolika meno, au lenye meno ya lami kwenye njia ya udongo, au lililojazwa upepo kupita kiasi. Tairi la saizi ileile lenye meno yanayofaa, na upepo uliopunguzwa kwa kiasi kwenye njia mbaya kisha kurudishwa kabla ya kuingia lami, hutatua matatizo mengi bila kugusa sehemu nyingine yoyote ya gari.

Injini hubeba mzigo usioonekana

Gurudumu likikua kwa asilimia 7, nguvu ya kusukuma inayofika ardhini hupungua kwa takriban kiasi hichohicho, kwa sababu umbali kati ya ekseli na ardhi umeongezeka. Juu ya hilo kuna uzito. Tairi kubwa lenye ubavu mgumu huwa zito kuliko la awali, na uzito huo uko mbali na kitovu, mahali ambapo ni vigumu zaidi kuuanzisha na kuusimamisha.

Kigali huongeza sharti lake. Hewa ya milimani ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko. Kwa hiyo injini ya namna hiyo huwa imekwisha kupungukiwa kwa asilimia 15 hivi kabla ya tairi lolote kubadilishwa.

Kwenye magari mengi ya viti sambamba, anayeumia kwanza ni mkanda. Magari hayo hayana giaboksi ya kawaida yenye ngazi. Hutumia klachi mbili zinazofunguka na kufunga, zikiunganishwa na mkanda wa mpira unaopanda na kushuka kati yake. Mzigo ukizidi, mkanda huteleza, hupata joto, na hatimaye hukatika. Dalili za mapema ni harufu ya mpira unaoungua na injini kupiga kelele bila gari kuongeza mwendo. Mafundi hurekebisha hali hiyo kwa kubadilisha vizani na springi za klachi ili zilingane na gurudumu jipya. Dereva naye hupaswa kutumia gia ya chini kila anapopanda polepole au anapovuta mzigo.

Kupanda mchongoma

Waswahili husema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Anayejaribu gari lake jipya huangalia kama linapanda. Swali zito zaidi ni jinsi litakavyoshuka.

Hesabu iliyopunguza nguvu ya injini hupunguza pia nguvu ya breki. Kwa mkanyago uleule wa pedali, breki huzuia tairi kubwa kwa nguvu ndogo zaidi pale linapogusa barabara. Dereva hulazimika kukanyaga zaidi.

Kuna la pili, ambalo halionekani kwenye uwanja wa gereji. Dereva mwenye uzoefu hushuka mlima kwa gia ya chini, akiiacha injini ilizuie gari. Kwa kuwa magurudumu makubwa yamezifanya gia zote kuwa ndefu, uzuiaji huo wa injini hudhoofika na kazi iliyobaki huangukia breki. Kwenye mteremko mrefu, kama inayopatikana katika barabara ya Kigali kwenda Musanze, breki zinazofanya kazi bila kupumzika hupata joto, na breki zenye joto kali hupoteza uwezo wa kushika. Gari lililosimama vizuri mara kumi mjini linaweza kushindwa kusimama mara ya kumi na moja, likiwa na abiria na mizigo, mbele ya kona.

Kwa sababu hiyo, vibao vya breki, diski na mafuta ya breki ni vitu vya kukaguliwa siku ileile matairi yanapofungwa.

Kipima mwendo huanza kusema uongo

Kipima mwendo cha magari mengi huhesabu mizunguko, hakipimi barabara. Gurudumu kubwa husafiri mbali zaidi kwa kila mzunguko, lakini kipima mwendo hakijui hivyo. Kikionyesha kilomita 60 kwa saa, gari lililoongezewa asilimia 7 linaweza kuwa linakwenda kilomita 64. Vipima mwendo vingi vya kiwandani husoma juu kidogo ya mwendo halisi, na kanuni za Umoja wa Mataifa haziruhusu visome chini yake. Tairi kubwa hula nafasi hiyo ya usalama, au huimaliza kabisa.

Rwanda ni mahali pagumu pa kufanya kosa hilo. Kando ya barabara zake kuna kamera za kupima mwendo, ambazo wananchi wamezibandika jina la Sofia. Kamera hupima mwendo wa gari lenyewe, haiulizi dashibodi ilionyesha nini. Magari ya abiria na ya mizigo yanayotakiwa kuwa na vidhibiti mwendo yako katika hali hiyohiyo: kifaa kinachohesabu mizunguko huruhusu mwendo mkubwa kuliko kilivyopangwa, mpaka kirekebishwe kulingana na gurudumu jipya.

Mambo ya kukagua wakati wa kufunga

Kwanza ni mpangilio wa matundu ya nati. Magari mengi ya Polaris hutumia nati nne kwenye duara la milimita 156, ilhali Can-Am hutumia nati nne kwenye duara la milimita 137. Rimu za moja haziingii kwenye nyingine, na kulazimisha ni hatari.

Pili ni umbali ambao rimu huchomoza nje. Rimu inayochomoza, au vipande vya chuma vinavyowekwa ili kuisukuma nje, hupanua gari na kulipa utulivu kiasi. Lakini huongeza mzigo kwenye beringi, kwenye viungo vya mikono ya gurudumu na kwenye vyuma vya usukani. Usukani huwa mzito, na jiwe moja linaweza kumrushia dereva pigo mikononi.

Tatu ni nafasi. Tairi linaweza kukaa vizuri gari likiwa limesimama, kisha likagusa madigadi au mkono wa chuma usukani unapokatwa hadi mwisho. Kipimo sahihi ni kukata usukani pande zote mbili huku shokapu za upande mmoja zikiwa zimebanwa, kama gari linavyokuwa ndani ya shimo.

Nne ni ulinganifu. Kwenye gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote, matairi ya mbele na ya nyuma hupaswa kulingana kwa kimo kama mtengenezaji alivyopanga, hata kama upana wake unatofautiana. Kimo kikitofautiana, vyuma vya kugawa nguvu hushindana vyenyewe kwa vyenyewe hadi viharibike. Tairi la akiba nalo lazima liwe la saizi mpya.

Tano ni nati zenyewe. Hukazwa kwa kuvukana, si kwa kufuatana, kwa kipimo cha mtengenezaji, kisha hukaguliwa tena baada ya safari fupi ya kwanza.

Mwisho ni urefu wa gari. Kila sentimita inayoinua tumbo huinua pia uzito wote wa gari, na gari lenye uzito juu hupinduka upesi zaidi kwenye njia iliyoinama upande mmoja. Mikanda ya usalama na fremu ya juu ni kinga ya aliyemo, lakini haiwezi kulirudisha gari lililokwisha kuegemea.

Kiasi gani kinatosha?

Hakuna namba moja inayofaa magari yote, lakini kitabu cha gari hutaja saizi zinazokubalika, na hapo ndipo pa kuanzia. Ongezeko dogo lililo ndani ya nafasi iliyoachwa na mtengenezaji huweza kuvumiliwa na gari lililo zima. Ongezeko kubwa hudai klachi au gia, breki na shokapu zibadilishwe nalo, na bei yake halisi ni jumla ya vitu hivyo vyote.

Majaribio ya kwanza yafaa yafanyike bila abiria, kwenye mteremko mfupi ulionyooka wenye nafasi ya kutosha mbele. Dereva ashuke kwa gia ya chini, akanyage breki mara kadhaa, kisha asimame na kuchunguza kama kuna harufu ya kuungua au pedali iliyolegea. Mojawapo likijitokeza, gari hilo halijawa tayari kubeba watu milimani, hata kama lilipanda bila taabu.