Kofia ya Panama ni kazi ya mikono ya Montecristi

Novemba 1906 Rais Theodore Roosevelt wa Marekani alikwenda kukagua uchimbaji wa Mfereji wa Panama. Picha zinamwonyesha ameketi kwenye mashine kubwa ya kuchimbia, suti nyeupe mwilini na kofia ya majani kichwani. Picha hizo zilienea, na dunia ikazidi kuamini kwamba kofia za namna ile hutoka Panama. Asili yake ni Ekuador, na inauma kuona wasukaji wakinyimwa sifa kwa muda mrefu hivyo.

Katika mkoa wa Manabí, kwenye mji wa Montecristi na vijiji vyake, kofia hizi zilisukwa karne nyingi kabla ya mfereji. Majani yake ni ya mmea uitwao toquilla, unaofanana na mnazi ingawa si jamii yake. Machipukizi hukatwa kabla hayajafunguka, huchanwa kuwa miyaa myembamba, huchemshwa na kukaushwa. Msukaji huanzia katikati ya utosi, akizungusha duara baada ya duara, kifua akiwa ameegemeza juu ya kalibu ya mbao. Wengi hufanya kazi alfajiri na jioni, kwa sababu jua la mchana hukausha miyaa na kuikata. Kofia ya kawaida humalizika kwa siku chache. Ile laini kabisa huchukua miezi. Mwaka 2012 UNESCO iliuingiza usukaji huu katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Jina lilitokana na biashara. Baada ya dhahabu kugunduliwa California mwaka 1848, maelfu ya watu walikatiza nchi kavu ya Panama kuelekea huko, na wafanyabiashara wakawauzia kofia hizo njiani. Mmoja wao alikuwa Manuel Alfaro, Mhispania aliyekaa Montecristi. Mwanawe Eloy, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1842, naye alifanya biashara Panama, akaitumia mali yake kugharimia mapambano ya kisiasa, hadi akawa rais wa Ekuador. Sijui taifa lingine ambalo kofia imeingia hivyo katika mapinduzi yake.

Mwenye kofia ya zamani ya aina hii akumbuke ilivyozaliwa: katika unyevu. Ukavu ndio adui yake mkubwa. Huko bara, kwenye hewa kavu, itundike karibu na mvuke wa maji ya moto kwa muda mfupi, kisha iache ipumue. Pwani hatari ni ukungu. Usiifungie ndani ya mfuko wa plastiki. Ishike kwa ukingo, kamwe usiibane utosi kwa vidole, maana hapo mbele kwenye mikunjo ndipo nyingi hupasukia. Wauzaji husema inakunjika bila kudhurika. Kwa kofia mpya laini, safarini, labda. Kwa ya miaka 50 ni kuiua.

Unaponunua, iinue kwenye mwanga utazame madoa, mipasuko na miduara ya usukaji. Miyaa ikiwa myembamba, imebanana na haina mafundo mengi, basi ni kazi ya mkono mzuri. Ipanguse vumbi kwa brashi laini, ivae mara kwa mara, na ukanda wa ndani ukilowa jasho uugeuze nje ukauke kabla ya kuirudisha kwenye sanduku.