Longonot: Mlima wa Misafara Uliogeuka Matembezi ya Siku Moja

Mlima Longonot, wenye urefu wa mita 2,776, uko kusini-mashariki mwa Ziwa Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru. Ni volkeno, na inakadiriwa kuwa ililipuka mara ya mwisho katika miaka ya 1860. Siku hizi mtu akishuka matatu asubuhi pale Longonot, anaweza kupanda peke yake, kuzunguka kasoko yote na kurudi barabarani kabla ya jua kuzama. Katika karne ya 19 jambo hilo lisingewezekana.

Wakati huo bonde linalouzunguka mlima lilikuwa malisho ya Wamaasai, na jina la mlima limetokana na lugha yao. Wageni waliopita hapo walikuwa wafanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Mombasa na Pangani, wakielekea Naivasha na Baringo. Walitembea kwa mamia, wakiwa na bunduki, na walilipa hongo ya shanga, nyaya na vitambaa ili waruhusiwe kupita. Aliyebaki nyuma ya msafara alihatarisha maisha yake. Mwaka 1883 Mskoti Joseph Thomson, aliyetumwa na Shirika la Kijiografia la Kifalme la Uingereza, aliuvuka Umasai kwa kuandamana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara mzoefu wa Pangani. Thomson aliupanda Longonot, na baadaye akaandika kwamba aliposimama ukingoni mwa shimo lile alishikwa na hamu kubwa ya kujirusha ndani. Vitabu vingi humtaja yeye na kumsahau Kimameta, ilhali njia ilijulikana na watu wa pwani kabla yake. Hiyo ni dhuluma ya kihistoria inayostahili kurekebishwa.

Reli kutoka Mombasa ilipita karibu na mlima huo na kufika Nakuru mwaka 1900. Safari iliyokuwa ya miezi ikawa ya siku chache. Lakini usalama wa mgeni ulipatikana kwa gharama ya mwenyeji: kwa mkataba wa mwaka 1904, uliotiwa saini na Olonana, laiboni (kiongozi wa kiroho) wao, Wamaasai wa Naivasha na Nakuru walihamishwa na ardhi yao wakapewa walowezi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wafungwa wa kivita wa Kiitalia walichonga barabara ya kuteremka ukuta wa bonde hadi Mai Mahiu. Kanisa dogo walilojenga kando yake mwaka 1942 lingali pale.

Hifadhi ya Taifa ya Mlima Longonot, yenye kilomita za mraba 52, ilianzishwa mwaka 1983. Kutoka langoni hadi ukingo wa kasoko ni kilomita 3.1, na kuuzunguka ukingo ni kilomita 7.2. Njia imekatwa kwenye majivu ya volkeno: wakati wa kiangazi ni vumbi laini linalozamisha kiatu na kupanda hadi magotini, na mvua ikinyesha maji huchimba makorongo yanayozidi kina mwaka baada ya mwaka. Mteremkoni kuna vichaka vya leleshwa, pundamilia na twiga. Ndani ya kasoko umeota msitu mzito, na mvuke hutoka hapa na pale kwenye kuta zake. Mwinuko mkali kuliko yote uko karibu na Kilele Ngamia, sehemu ya juu kabisa. Hapo hata wenye miguu mepesi hutambaa kwa mikono.

Mlima wenyewe haujafa. Vipimo vya setilaiti vilionyesha kuwa ardhi ya Longonot iliinuka kwa takriban sentimita 9 kati ya mwaka 2004 na 2006. Mwaka 2009 moto wa nyika uliteketeza sehemu kubwa ya uoto wake. Njiani hakuna maji wala kivuli cha kutegemea, kwa hiyo anayepanda peke yake abebe maji ya kutosha, aanze mapema, na asiondoke langoni kabla ya kuwaeleza askari wa wanyamapori njia atakayoifuata.