SOMO LA LEO: JANI CHUNGU LILILOISHINDA MALARIA

Leo tutasoma habari za mmea wa porini uitwao pakanga. Majani yake ni machungu sana. Ziko pakanga za aina nyingi. Hii ya leo asili yake ni Uchina, na Wachina huiita qinghao.

Yapata miaka 1,700 iliyopita aliishi Uchina mganga jina lake Ge Hong. Aliandika kitabu cha dawa. Kwa mwenye homa aliagiza hivi: twaa konzi moja ya pakanga, iloweke katika maji, ikamue, kisha unywe maji yake yote. Angalieni sana jambo hili: hakusema ichemshwe.

Sasa turuke karne nyingi. Mwaka 1967 kulikuwa na vita katika Vietnam. Askari wengi waliugua malaria, na klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa, maana vijidudu vilikuwa vimeizoea. Serikali ya Uchina ikawakusanya wataalamu watafute dawa mpya. Mwaka 1969 Bibi Tu Youyou wa Beijing akapewa kazi hiyo. Yeye na wenzake wakapekua vitabu vya kale, wakajaribu mimea mingi. Pakanga mara ilisaidia, mara ikashindwa. Kwa nini?

Bibi Tu akakisoma tena kitabu cha Ge Hong. Akawaza: huenda moto ndio unaoharibu dawa. Basi akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto la digrii 35 tu. Oktoba 1971 dawa hiyo iliua vijidudu vyote katika panya wa majaribio. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakainywa wao kwanza, ili wajue kama ni salama kwa wagonjwa. Mwaka huo huo wakapata dawa safi, artemisinini. Mwaka 2015 Bibi Tu akapewa Tuzo ya Nobel.

Dawa hii hufanyaje kazi? Ndani yake mna chembe mbili za oksijeni zilizofungamana. Kijidudu cha malaria hula damu yetu, na katika damu mna madini ya chuma. Chuma kikikutana na dawa, fungo lile hukatika, na nguvu inayotoka hukiua kijidudu.

Dawa ya mseto, iliyoanza kutolewa katika hospitali za Tanzania Bara mwishoni mwa 2006, imetokana na jani hilo.

Je, tupande pakanga uani, tunywe chai yake? La! Kikombe cha chai hakina kipimo. Dawa ikiwa haba, kijidudu hakifi, bali huizoea, kama kilivyoizoea klorokwini. Dalili za usugu huo zimekwisha kuonekana Rwanda, Uganda na mkoani Kagera. Kwa hiyo ukipewa vidonge vya siku tatu, vimeze vyote, hata kama siku ya pili unajiona mzima.

Maswali. Andikeni majibu katika daftari zenu:

1. Kwa nini Bibi Tu aliacha kuchemsha pakanga kwa maji?
2. Mgonjwa akiacha dawa njiani, kuna hatari gani kwake na kwa jirani zake?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.