Gari la Nyuma ya Karakana

Wanafunzi wa zamani wenzangu, nanyi wadogo zetu mlio madarasani hivi sasa: kila aliyepita shuleni kwetu analijua gari lililo nyuma ya karakana ya useremala. Nilipoingia Kidato cha Kwanza mwaka 1994 lilikuwa limekwisha kusimama miaka kumi na miwili chini ya kibanda cha mabati, matairi hayana upepo, na kuku wa mpishi wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Tulijificha humo siku za kufyeka majani. Ni Peugeot 404, na leo limesimama zaidi ya miaka arobaini.

Kamati ya mkutano wetu ilipofikiria kulifufua, ilinipa kazi ya kulikagua kwanza na kuleta taarifa. Mimi si fundi. Ni mtumishi wa Serikali, na maisha yangu yamepita katika mafaili. Lakini nilisoma historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wenzangu waliona kwamba kitu kizee namna hii kinahitaji fundi na msomaji pia. Fundi tulimpata mjini, mzee ambaye tangu ujana wake mikono yake imezoea magari ya aina hii. Taarifa rasmi kamati imekwisha kuipokea. Haya ninayoyaandika hapa ni ya wote, kwa sababu ukaguzi ule ulitufunulia jambo linalotuhusu sote.

Kuhusu gari lile tulirithishwa habari mbili. Ya kwanza ilisema kwamba lilishindana katika Safari ya mwaka 1967. Ya pili ilisema kwamba liliuawa na dereva wa shule, mlevi, aliyeliendesha bila maji mpaka injini ikaungua. Habari ya kwanza ilitupa fahari. Ya pili ilikuwa na wimbo, na wimbo huo tuliuimba bwenini, mbele ya mwanawe dereva huyo, aliyekuwa darasa moja nami. Jina lake la utani lilikuwa Rejeta.

Kwanza niseme kidogo juu ya gari lenyewe, maana vijana wa leo huenda hawakupata kuliona likitembea. Peugeot 404 ilitoka Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia. Katika viwanda vya Ulaya yalitengenezwa zaidi ya magari 1,800,000 ya aina hii. Injini yake ya petroli iliyojulikana sana ina ujazo wa sentimita 1,618 za mraba wa tatu. Imelazwa upande ili boneti iwe chini. Silinda zake si matundu yaliyochimbwa katika chuma cha bloki, bali ni laina zinazochomeka, nazo huzungukwa na maji. Hedi yake ni ya aluminiamu. Kumbukeni mambo haya mawili, laina na hedi, maana ndiyo yaliyotoa ushahidi.

Afrika ya Mashariki ililipenda gari hili kwa sababu lilistahimili barabara zetu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na yalipita katika vumbi na matope ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu yakamaliza. La kwanza lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Bert Shankland na Chris Rothwell walishinda kwa 404 mwaka 1966, wakarudia mwaka 1967. Mwaka 1968 Nowicki na Cliff walishinda tena, na tena magari yaliyomaliza yalikuwa 7. Si ajabu basi kwamba wavulana wa shule yenye 404 walitaka la kwao liwe mojawapo.

Sasa nije kwenye ukaguzi. Wengi wetu tulidhani kazi ya kwanza ni kutafuta betri na kupiga starta. Fundi alikataa katakata. Alisema gari lililolala miaka mingi likiamshwa kwa nguvu huvunjika palepale: ringi za pistoni huwa zimeshikana na silinda kwa kutu, oili imetelemka yote, na uchafu wa tangi hukimbilia kwenye kabureta. Akakataza pia kulifua. Alitaka kuona mahali maji yalipopita na mahali panya walipokaa. Tulipiga picha kila upande, tukaandika kila kitu kabla hakijaguswa. Nilifurahi moyoni, maana hivyo ndivyo tulivyofundishwa kuishika hati ya kale: usiifute vumbi kabla hujajua vumbi hilo limetoka wapi.

Tulianza na bodi. 404 haina chesisi ya peke yake kama lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, kwa hiyo kutu ya sakafu si aibu ya sura bali ni hatari. Fundi aligonga kwa mpini wa bisibisi na kusikiliza mlio. Chini ya milango ya kulia bisibisi iliingia kama kwenye muhogo uliooza, kwa sababu bati la kibanda lilikuwa likivuja upande ule. Upande wa kushoto ni mzima. Mahali pa mbele zinaposhikwa shokapu, pale ambapo pakioza huwa hakuna tena gari, palilia kama kengele. Breki zote zilikuwa zimekwama katika ngoma zake. Waya nyingi zililiwa na panya. Petroli iliyobaki katika tangi ilikuwa imegeuka gundi yenye harufu ya rangi iliyochacha. Oili ya difu ilitoka nyeusi, lakini haikuwa na unga wa chuma.

Katika kisanduku cha dashibodi tulikuta kadi ya gari na daftari la safari. Kadi inaonyesha kwamba gari liliandikishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1970. Basi habari yetu ya kwanza ilikufa hapo hapo. Gari lililoandikishwa mwaka 1970 halikushindana mwaka 1967, wala halina tundu la taa ya ziada wala bati la kukinga tumbo. Mjumbe mmoja wa kamati alininong'oneza kwamba hilo si lazima liandikwe. Nimeliandika.

Kisha tukafungua boneti, na fundi akanyamaza kitambo. Injini haikuwa na hedi. Juu ya silinda palikuwa na matambara yaliyolowa oili, yamekauka sasa kama ngozi. Tulipoyaondoa tuliona vibati vidogo vya chuma, vimekatwa kwa msumeno wa mkono na kukazwa kwa nati, vikizibana laina zote nne zisinyanyuke. Fundi akatueleza maana yake. Injini yenye laina za namna hii, hedi ikitolewa na mtu akaizungusha injini bila kuzibana laina, hunyanyuka, na maji hupita chini yake yakaingia kwenye oili. "Mlevi hafanyi hivi," alisema. "Wapo hata mafundi wasiofanya hivi."

Kibomba cha kumwagia maji ya rejeta kilikuwa wazi, kwa maana kwamba kuna mtu aliyeyatoa maji ili yasiozeshe chuma. Feni, ambayo katika gari hili hujishika na kujiachia yenyewe kwa umeme kufuata joto, ilikuwa imefungwa kwa waya ili izunguke wakati wote. Aliyeifunga alikuwa akilihofia joto, akipigana nalo.

Hedi ilikuwa wapi? Buti lilikuwa limefungwa na ufunguo haupo. Wengine walitaka livunjwe. Usiku ule nilimpigia simu mwenzangu yule tuliyemwita Rejeta, ambaye sikuwa nimesema naye tangu tulipomaliza Kidato cha Nne. Nilimweleza kazi niliyopewa. Akakaa kimya, kisha akasema: "Baba alisema maisha yake yote kwamba kila kitu amekiweka kwenye buti. Hakuna aliyewahi kumwuliza." Baba yake alifariki mwaka 1998.

Fundi alilifungua buti bila kulivunja, kwa kupitia nyuma ya kiti. Hedi ilikuwamo, imepakwa grisi, imefungwa ndani ya magunia mawili. Nati na bolti zilikuwa katika kopo la maziwa ya unga, na mashina ya valvu yamefungwa nyuzi zenye mafundo: fundo moja, mafundo mawili, hata manane, ili kila moja lirudi mahali pake. Fundi aliweka rula ya chuma juu ya hedi na kumulika tochi kwa nyuma. Mwanga haukupita. Hedi ya aluminiamu iliyochemka bila maji kwa kawaida hupinda, hii imenyooka. Gasketi yake ya zamani ilikuwamo pia. Imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu, na imepakwa rangi ya fedha, kama walivyofanya mafundi gasketi mpya ilipokosekana wakalazimika kuirudisha iliyokwisha kutumika.

Usiku huo nililisoma daftari la safari tangu mwanzo. Humo mna magunia ya unga, karatasi za mitihani, walimu wageni, na wagonjwa wengi wa usiku. Mwezi wa Agosti 1981 dereva ameandika: "Gasketi ya hedi inavuja. Naomba mpya." Novemba ameandika tena. Februari 1982 ameandika mara ya tatu, na pembeni mkono mwingine umeandika: "Hakuna fedha za kigeni. Asubiri." Safari ya mwisho ni ya Machi 1982, saa nane za usiku, kwenda hospitali: "Maji nimejaza mara nne njiani. Mgonjwa amefika."

Wasomaji wenye umri watakumbuka miaka ile. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa mwaka huo hadi 1983, hivyo spea zilizokuwa zikitoka Nairobi hazikuja. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekausha hazina. Gasketi moja, kitu cha kubeba kwapani, ilihitaji fedha ambazo nchi nzima ilizigombania. Kwa hiyo simlaumu sana mkuu wa shule wa wakati ule kwa kukosa gasketi. Kosa lilikuja baadaye. Mwanawe dereva amenionyesha barua ya kumwachisha kazi baba yake, ya Aprili 1982. Sababu iliyoandikwa ni neno moja: uzembe. Mimi ni mtu wa mafaili, ninajua jinsi neno kama hilo linavyopatikana. Gari la umma limelala, lazima pawe na jibu, na dereva ndiye aliye chini kuliko wote. Ulevi haumo hata katika barua hiyo. Ulevi tuliuongeza sisi wanafunzi, kwa kuwa wimbo ulitaka vina.

Maoni niliyoipa kamati ni haya. Gari linatengenezeka. Injini, hedi na difu vinafaa, ila laina moja ina kutu na lazima ibadilishwe. Breki, waya, tangi na matairi ni vya kununua upya. Sakafu ya kulia ikatwe na kuchomelewa bati jipya na mtu anayejua, na kama fedha ni za kufanya jambo moja tu mwaka huu, basi kibanda kiezekwe kwanza, kwa sababu kila masika yanakula kilichobaki. Gari lisipakwe rangi za mashindano. Vibati vya laina, kopo la nati, nyuzi zenye mafundo, gasketi ile na daftari visitupwe wala kusafishwa, bali vikae katika kabati la kioo maktabani. Wapo wenzetu wanaosema fedha hizo zingefaa zaidi paa la maabara. Sipingani nao; ukaguzi umetimiza kazi yake hata kama gari halitatembea tena.

Kwenu mlio madarasani nina neno moja. Sisi tulikaa ndani ya gari lile miaka minne, tukala miwa humo, tukaimba humo, na ushahidi ulikuwa nyuma ya migongo yetu, nyuma ya kiti. Mkisikia habari ya kumwaibisha mtu, ulizeni imeandikwa wapi, na nani amefungua buti.

Jina la dereva sikulitaja hapa kwa sababu mwanawe ameomba lisomwe kwanza shuleni, mbele ya gari, familia yake ikiwapo. Kamati imekubali, na itakuwa siku ya mkutano wetu ujao, kabla ya chakula. Mimi nimekwisha kumwomba radhi kwa wimbo ule. Alinipokea vizuri, akaniuliza kama ile hedi kweli imenyooka. Nikamwambia imenyooka. Wenzangu wa darasa letu, ninyi mnajijua, njoni mapema.