Waigizaji Wawili na Wasoma Miswada

Sisi wa Malton tunajulikana zaidi kwa kazi za uwanja wa ndege, maghala na malori. Lakini wachache kati yetu tumewahi kupata kibarua kisichosemwa sana: kusoma miswada ya sinema, tukilipwa kwa kila mswada. Toronto ni mji wa sinema, na kampuni zinazotafuta hadithi hupokea miswada mingi kuliko wakubwa wake wanavyoweza kuisoma. Msomaji hupewa kurasa mia moja hivi, kila ukurasa ukihesabiwa kuwa takriban dakika moja ya filamu. Anaandika muhtasari wa kisa, maoni yake juu ya wahusika na mazungumzo yao, kisha hukumu: uchukuliwe, ufikiriwe, au uachwe. Mwandishi hamjui msomaji, wala msomaji hamjui mwandishi.

Hukumu hiyo inauma, ila inafunga mlango mmoja tu. Mswada ulioachwa na kampuni hii Jumatatu waweza kubishwa hodi kwa kampuni nyingine Jumanne. Kwetu Afrika Mashariki msoma mswada amekuwa mtu wa namna nyingine, na historia yake inapita kwa watu wawili ambao ni nadra kuwakumbuka kama waigizaji.

Wa kwanza ni Jomo Kenyatta. Alipokuwa London katika miaka ya 1930, akiwa hana fedha, alipata kazi ya kujazia kundi katika filamu "Sanders of the River" ya ndugu wawili, Alexander na Zoltan Korda, iliyotoka mwaka 1935. Akaonekana kama chifu mmojawapo. Nyota wa filamu hiyo alikuwa Paul Robeson, ambaye baadaye aliikana hadharani, kwa kuwa ilitoka ikiwa ni sifa kwa utawala wa Mwingereza. Tusishangae. Zama hizo watengenezaji wa Uingereza walikuwa wakipeleka miswada kwa bodi ya ukaguzi kabla ya kupiga picha, na huko ilisomwa na watu kama Kanali J. C. Hanna, mwanajeshi mstaafu. Bodi hiyo ilikuwa na orodha ya mambo isiyoyataka, na kumwonyesha Mzungu amedhalilika miongoni mwa wenyeji lilikuwa mojawapo. Kupeleka mswada kulikuwa kwa hiari, lakini mfanyabiashara gani angehatarisha fedha zake?

Wa pili ni Rashidi Mfaume Kawawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni moja ya Afrika Kusini ilitengeneza filamu za Kiswahili huko Tanganyika, na Kawawa, kijana mtumishi wa serikali, akawa mwigizaji mkuu. Wazee wetu wanaikumbuka "Muhogo Mchungu" ya mwaka 1952, kisa cha mtu wa shamba aliyeingia mjini. Ni Kiswahili, ni Dar es Salaam, ni nyuso zetu. Lakini fedha na ruhusa vilikuwa vya mkoloni.

Sasa tazameni yaliyofuata. Kenya ilitunga Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, mwaka 1962, bendera ya Mwingereza ikiwa bado juu. Ilianza kutumika mwaka 1963, Kenyatta akiwa Waziri Mkuu. Ilimtaka anayeomba leseni ya kupiga filamu atoe maelezo kamili ya matukio yote na maneno yote yatakayosemwa, hata kwa sehemu zitakazopigwa nje ya Kenya. Yaani mtu wa Malton anayetaka kupiga nusu ya kisa chake hapa Derry Road na nusu Mombasa alipaswa kukabidhi Nairobi hata kurasa za Derry Road! Tanzania nayo ikatunga sheria yake, Na. 4 ya mwaka 1976, inayotaka kibali kabla ya kutengeneza filamu. Waziri Mkuu wakati huo? Kawawa.

Kiswahili chetu kinakiita mswada kile kinachopelekwa bungeni na kile kinachopelekwa kwa mtengeneza filamu. Wazee hawa waliijua miswada ya aina zote mbili.

Hatusemi kwamba ughaibuni hakuna ukaguzi. Ontario ilianzisha bodi yake mwaka 1911, nayo ilikata filamu kwa miongo mingi hadi wasanii wakaifikisha mahakamani miaka ya 1980. Lakini bodi hiyo ilikaa kutazama filamu iliyokwisha kutengenezwa. Kwa maoni yetu tofauti hiyo ni kubwa. Kipande kilichokatwa kwa mkasi kinabaki mahali fulani, na siku moja chaweza kuunganishwa tena. Filamu iliyozuiwa ikiwa bado karatasi haina kipande, haina mwigizaji aliyeicheza, haina hata mtazamaji wa kuilalamikia. Ndiyo maana ni vigumu kuiandika historia ya filamu ambazo hatukuzipata.

Ugomvi huu ulitoka nje mwaka 2018. Wanuri Kahiu alikuwa amepiga "Rafiki" kwa leseni, na mwezi Mei ikaonyeshwa Cannes. Mwezi uliotangulia, bodi ya Kenya ilikuwa imeipiga marufuku nyumbani kwa sababu ya mapenzi ya wasichana wawili, ikidai kwamba filamu haikufuata mswada uliopitishwa. Kahiu alieleza kwamba alitakiwa abadilishe mwisho wake, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Mwezi Septemba Mahakama Kuu ilisimamisha marufuku kwa siku saba tu, ili filamu iweze kuombewa nafasi kwenye tuzo za Oscar. Siku hizo saba watu walijaa katika kumbi za Nairobi, na tiketi zikawa adimu.