Pengo la Kurejea katika Kengele za Kidhibiti

Kengele ya kidhibiti cha halijoto huwekewa kikomo kimoja, lakini hufanya kazi kwa namba mbili: inapolia na inaponyamaza. Tofauti ya namba hizo ndiyo histeresisi, ambayo kwa Kiswahili cha karakana inafaa kuitwa pengo la kurejea.

Neno histeresisi lilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1880 na James Alfred Ewing, mwanafizikia wa Uskoti aliyekuwa akifundisha Tokyo na kuchunguza usumaku wa chuma. Alilitoa katika kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuchelewa, kwa kuwa usumaku wa chuma hubaki nyuma ya nguvu inayousababisha. Kwa asili hiyo, tafsiri ya "ukawiaji" ingekubalika katika fizikia. Kwenye kidhibiti inapotosha, kwani humo mna kigezo kingine ambacho ndicho ukawiaji hasa: muda ambao kengele husubiri kabla ya kulia. Histeresisi huhesabiwa kwa nyuzi, ukawiaji kwa sekunde. Vigezo vyote viwili vikipewa jina la kuchelewa, haitashangaza fundi akiingiza sekunde mahali pa nyuzi.

Kazi ya pengo huonekana vizuri katika kiwanda cha maziwa. Katika njia ya mtiririko endelevu, maziwa hupashwa moto hadi nyuzi 72 za Selsiasi, kwa uchache, na kubaki hapo kwa sekunde 15. Tuseme thamani lengwa ni 74 na kengele ya chini imewekwa 72. Bila pengo, joto likichezacheza kati ya 71.9 na 72.1, kengele italia na kunyamaza mfululizo, na relei itafunga na kufunguka hadi ichakae. Pengo likiwa nyuzi 1, kengele hulia joto linaposhuka chini ya 72 na haitulii mpaka lifike 73. Kwa kengele ya juu hesabu hugeuka: pengo hupimwa kushuka kutoka kwenye kikomo.

Pengo pana kupita kiasi nalo lina hasara yake, na hii ndiyo inayosahaulika zaidi. Likiwekwa nyuzi 3 katika mfano huo, kengele itangoja 75, joto ambalo kidhibiti hakilitafuti kabisa. Maziwa yatakuwa salama huku kengele ikiendelea kulia, na wahudumu watazoea kuipuuza. Kosa hili huingia kwa urahisi pale ambapo kidhibiti hudai pengo kwa asilimia ya masafa ya kipimo: kwa masafa ya 0 hadi 200, asilimia 1 tayari ni nyuzi 2.

Mwongozo wa Marekani wa ISA-18.2 hutoa thamani za kuanzia: pengo la asilimia 5 kwa mtiririko na kimo cha kimiminika, 2 kwa mgandamizo, 1 kwa halijoto. Ukawiaji ni sekunde 15 kwa mtiririko na mgandamizo, 60 kwa kimo na halijoto. Ni za kuanzia tu. Sekunde 60 kwenye maziwa ni mara nne ya muda wote ambao yanatakiwa kukaa katika joto, kwa hiyo hapo pengo ndilo litegemewe, na ukawiaji uwe mdogo sana au usiwepo.

Wingi wa kengele si kero ya masikio tu. Katika kiwanda cha kusafishia mafuta cha Milford Haven, Wales, tarehe 24 Julai 1994, wahudumu wawili walipokea kengele 275 katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko. Pengo la kurejea peke yake lisingeuzuia, maana chanzo kilikuwa kwingine, lakini hakuna binadamu anayeweza kusoma kengele kwa kasi hiyo, sembuse kuzichambua.

Kigezo kinachokaa jirani na pengo ni kujifunga. Kengele inayojifunga hubaki imewaka hata joto likirejea, hadi mhudumu aithibitishe kwa kubonyeza kitufe. Katika baadhi ya vidhibiti uthibitisho haupokelewi mpaka joto livuke pengo. Kitufe kikibonyezwa mapema, hakifanyi kitu.